Abee ya Saa Nne

Nadhira alikuwa jikoni akichagua mchele kwenye ungo aliposikia mumewe akimwita kutoka chumba cha nyuma.

"Nadhira."

"Abee," akaitika.

Neno lilimtoka kabla jina halijakwisha, kwani ndivyo alivyolelewa na bibi yake kule Kibokoni. Mtoto wa kike akiitwa hanyamazi wala haulizi nani. Huitika abee, kisha huinuka. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye leso, na alikuwa ameshafika mlangoni mwa jikoni ndipo alipokumbuka kwamba Sameer ameondoka tangu alfajiri kwenda kazini, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyetia komeo nyuma yake.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kamili asubuhi.

Alichungulia. Chumba cha nyuma kilikuwa kama kilivyo siku zote: masanduku mawili, pasi mbovu, na kile kitanda kidogo cha mbao ambacho Sameer alikinunua mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Miaka sita ilikuwa imepita na kitanda bado kimo ndani ya nailoni yake. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, ya asumini, lakini si asumini mbichi. Ilikuwa harufu ya asumini iliyosahauliwa kikombeni siku tatu hadi maji yakaoza.

Alifungua dirisha, akarudi kwenye mchele wake. Alijiambia ni redio ya jirani.

Bibi yake alikuwa amemfundisha jambo la pili pia, na hilo ndilo alilolisahau. Ukiitwa na usiyemwona, nyamaza mpaka uitwe mara ya tatu, kwa sababu asiye binadamu haiti zaidi ya mara mbili. Lakini angelikumbukaje hilo, mtu ambaye mchana haitwi na yeyote?

Nyumba yao iko Port Reitz, chini ya njia ya ndege. Sameer hufanya kazi kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege, na akishatoka, nyumba hunyamaza hadi karibu na magharibi. Nadhira hufagia, hufua, hupika, hukunja. Saa tano ikifika kazi imekwisha na mchana bado haujaanza. Zamani alikuwa akishona madira ya watu. Alipoolewa, Sameer alimwomba akae nyumbani apumzike ili watoto waje. Watoto hawakuja, mapumziko yalikuja peke yake. Ndege zilipopita juu ya mabati, vikombe viligongana kabatini, na siku nyingine hilo ndilo lililokuwa neno pekee alilosikia.

Siku za Jumamosi wifi yake, Israa, alikuja na wanawe watatu.

"Wifi, nyumba yako yang'ara mpaka inzi wateleza," Israa alipenda kusema, akipitisha kidole juu ya meza. "Lakini wafanya nini kutwa? Mimi ningelala hadi nikaota mizizi."

Nadhira alicheka kwa midomo. Watoto wa Israa waliita mama, mama, mama, mpaka mama yao akaziba masikio. Nadhira aliwasikiliza kama mwenye njaa anavyosikiliza vijiko vya nyumba ya pili.

Yeye alikuwa na mwito mmoja tu kwa siku. Jioni Sameer alikaa kizingitini kuvua viatu, na kabla hajavua cha pili aliita, "Nadhira!" Naye huitika kutoka jikoni, "Abee!" Basi. Neno hilo moja alilingoja tangu asubuhi.

Siku ya pili, ilipokaribia saa nne, alijikuta amekaa kwenye kigoda bila kazi mikononi. Hakutaka kukiri kwamba anangoja.

"Nadhira."

Alikaza midomo. Kisha akajisikia akisema, "Abee." Kinywa kilifunguka chenyewe, kama mlango uliozoea mkono wa mwenyeji.

"Niletee maji."

Sauti ilikuwa ya Sameer, ila haikuwa na haraka ya Sameer. Nadhira alijaza gilasi, akaenda nayo, akaiweka kwenye kizingiti cha chumba cha nyuma, akakimbia. Aliporudi baada ya nusu saa, gilasi ilikuwa imefudikizwa juu ya kitanda cha mtoto, kavu, na nailoni yote iliyoizunguka ilikuwa na umande.

Jioni ile alikusudia kumwambia mumewe, lakini hakumwambia. Kwanza, Sameer angemwambia dada yake, na Israa angepata la kusema mwaka mzima. Pili, jambo ambalo alilionea haya hata peke yake: lilikuwa tamu, kuitwa.

Siku zikafuatana. Sauti haikuomba makubwa. Ilitaka maji, kisha chai, kisha ikamwambia aketi pale mlangoni aeleze amepika nini. Alieleza. Iliuliza kama mchuzi wa jana ulikolea. Iliuliza mshipa wake wa mguu unaendeleaje, mshipa ambao Sameer hakujua kama unamuuma. Nadhira alianza kufukiza udi saa tatu na nusu. Alianza kuvaa dira zuri la rangi ya zabibu, lile la kutokea, na kukaa sakafuni akiuelekea mlango uliokuwa wazi nusu, akizungumza na giza dogo lililokuwa upande wa pili. Hakuingia ndani kabisa. Alidhani kutoingia kunatosha.

Ndipo alipoanza kumpoteza Sameer.

Jioni moja alikuwa akikaanga viazi, mara mkono ukamshika begani. Alishtuka hadi mwiko ukaanguka.

"Nimekuita mara tano," alisema Sameer. Kiatu kimoja bado kilikuwa mguuni.

"Sikusikia, wallahi."

"Mara tano, Nadhira. Jirani ameshaitika, wewe bado."

Ulikuwa utani siku hiyo. Wiki iliyofuata haukuwa utani tena. Nadhira alimsikia mumewe akikohoa, alimsikia akifungua mfereji, hata alimsikia akiongea kwa simu. Lakini Sameer alipotamka jina la mkewe, Nadhira hakusikia chochote. Aliona midomo ikisogea tu, kama mtu anayesema ndege inapopita.

"Mke asiyemuitikia mumewe ni ukuta," Sameer alimwambia asubuhi moja, akifunga vifungo vya koti lake la njano. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na hilo lilimuumiza Nadhira zaidi. "Israa asema umenikinai. Mimi nabishana naye, lakini sina la kumjibu. Ijumaa nitazungumza na wazee. Kama hunitaki, useme. Nisiwe nabisha nyumba isiyo na mtu."

Alitoka. Nadhira alisimama nyuma ya komeo, na kwa mara ya kwanza aliona wazi kinachotoka mikononi mwake. Abee yake ilikuwa moja tu, nayo alikuwa akimpa mwingine.

Siku hiyohiyo, kabla ya saa nne, alitoka uani apate kuwa nje ya nyumba. Jirani yake Mweri, Mgiriama aliyepika mabuyu ya kuuza, alikuwa akikoroga sufuria, mikono myekundu ya rangi hadi viwikoni.

"Dada," aliita Mweri juu ya ua, "ati mumeo kaachishwa kazi?"

"Sameer? La. Kwani vipi?"

"Mbona yuko ndani kila siku? Namsikia akikuita, Nadhira, Nadhira, na wewe abee, abee, kama kuku mwenye yai. Nikamwambia mume wangu Kahindi, wewe waniita kama wafukuza mbuzi, hebu sikiza wenzio wanavyoitana."

Nadhira alitaka kucheka, shavu likakataa. "Mweri. Wamsikia kweli?"

"Namsikiaje uongo? Ukuta ni mmoja." Mweri aliacha kukoroga. Alitazama nyumba, kisha akamtazama Nadhira, na sauti yake ikashuka. "Lakini juzi nilishangaa. Nimepeleka mabuyu huko kwa wapakiaji wa mizigo, nikamkuta Sameer na koti lake la njano, hata tukasalimiana. Nimerudi hapa, sijatua beseni, namsikia ndani kwako akikuita. Nikasema labda ana mbawa." Hakutabasamu. "Dada. Huyo wa ndani ni nani?"

Mpaka saa ile Nadhira alikuwa amejificha nyuma ya wazo moja: kwamba ni upweke wake tu, kwamba akili ya mtu aliyekaa peke yake hujitengenezea mwenzake. Wazimu ni wa mtu mmoja. Jambo likisikiwa na wawili si wazimu tena.

Hakupata kujibu. Ndani ya nyumba, polepole, mtu alimwita.

Mweri aliusikia mwito, akajishika kifua kwa mkono mwekundu. Nadhira alilishika lango la ua, akakata shauri kwamba leo haendi, hata ikiwaje haendi, na huku akikata shauri hilo miguu yake ilikuwa imeshageuka, ikavuka jikoni, ikapita saa ya ukutani, na mikono yake ikachukua sahani aliyoifunika tangu asubuhi bila kujua anamfunikia nani, na kinywa chake kikasema, "Abee, mume wangu, naja," kwa sauti laini ambayo Sameer wa jioni hajapewa kwa mwezi mzima, na harufu ya asumini iliyooza ikamjia kwa nguvu hata machozi yakamtoka, na safari hii hakusimama kwenye kizingiti. Aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda cha mtoto, akaweka sahani juu ya nailoni.

Nailoni ilibonyea, kama mtu ameketi.

"Umechelewa," sauti ilisema, karibu na shingo yake. "Ulikuwa ukiongea na nani?"

Alipoinua macho, Sameer alikuwa amesimama mlangoni, ameingia kwa mlango wa uani uliobaki wazi. Alikuwa na koti lake la njano, na mkononi ameshika mfuko wa halwa. Baadaye alieleza kwamba maneno aliyomwambia mkewe asubuhi yalimkaa kooni, akaomba ruhusa ili aje kupatana naye. Sasa alisimama tu. Midomo yake ilikuwa imefungwa kabisa, Nadhira aliiona imefungwa, na wakati huohuo sauti ya Sameer ilisema kutoka kitandani, "Mwambie huyo atoke. Tunakula."

Mfuko wa halwa ulianguka.

*

Maalim Rashid wa Chaani alikuwa fundi wa friji mchana, na jioni alizingua watu waliopagawa. Alikuja Alhamisi baada ya swala ya alasiri, mikono bado inanuka gesi, akakaa sebuleni na kusikiliza yote bila kumkatiza mtu. Kisha akamwuliza Nadhira swali moja.

"Mwanangu, mara ya kwanza alipokuita, uliitika?"

"Niliitika abee, Maalim."

"Kabla ya kumwona?"

"Kabla ya kumwona."

Maalim alitikisa kichwa kwa huzuni. "Adabu njema imekuponza. Hao hawaingii kwa nguvu. Hubisha hodi, na mwito ndio hodi yao. Ukiitika umefungua."

Alimsomea. Ubani ulipanda, Sameer akamshika mkewe mabega, na aya zilipokolea Nadhira alihisi kitu kikipanda kutoka tumboni hadi kooni kama tonge lisilotafunwa. Kilipofika kinywani kilizungumza, na kilizungumza kwa sauti ya mwanamume aliyemshika.

"Sikumnyang'anya mtu," kilisema. "Nilikuta nyumba ina mwanamke na haina wa kumwita. Nikamwita. Wewe, mwenye koti, ulimwita mara ngapi kwa siku?"

Sameer aliinamisha kichwa, akazidi kumkaza mkewe mabega.

"Toka," alisema Maalim.

"Nitatoka. Lakini nimeitikiwa siku arubaini. Abee yake naijua yote, ndani na nje."

"Toka, na chako usiache, na cha mtu usichukue."

Kikacheka kidogo. Nadhira akatapika maji machungu yenye harufu ya asumini, akalala kama gunia.

Alipozinduka, Maalim alimpa kombe, maji yaliyooshewa aya za zafarani, anywe, kisha akamwekea sharti. Siku saba, hadi jua la Alhamisi ijayo litue, asitamke neno lolote, na zaidi ya yote asiitike. "Atabisha. Akikosa jibu siku saba, hana mlango tena." Akamgeukia Sameer. "Na wewe usimwite. Ukimtaka, nenda umguse. Yeye ndiye wa kulindwa hapa. Kinywa chake ndicho mlango."

"Nitafanya hivyo, Maalim," alisema Sameer.

Wote watatu walikubaliana hivyo. Hakuna aliyefikiria zaidi.

Siku ya kwanza sauti ilimwita kwa sauti ya Sameer, kwa upole, kisha kwa amri. Nadhira alijaza leso mdomoni. Siku ya pili na ya tatu ilimwita kwa hasira, na sahani zikagongana ingawa hapakupita ndege. Siku ya nne ilimwita kwa sauti ya bibi yake, marehemu, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya jina, na Nadhira alijilaza sakafuni, akauma leso hadi uzi ukakatika. Mweri alikuja kukaa naye mchana, akiongea mwenyewe maneno ya watu wawili. "Ningejua zamani kuwa utanyamaza hivi ningekukopa mdomo nikauzie mabuyu," alisema, na Nadhira alimshika mkono mwekundu, akaukaza.

Siku ya sita Mweri alichelewa. Saa nne kitu kilianza kukwaruza nailoni ya kitanda kidogo, polepole, kama vidole visivyo na kucha ngumu bado, na baada ya muda mrefu kikasema neno moja tu, kwa sauti ndogo iliyotoka usingizini, sauti ambayo Nadhira hakuwahi kuisikia lakini aliijua, maana aliingoja miaka sita: "Mama?"

Mara mbili. Aliziba kinywa kwa mikono miwili, akalia bila kutoa sauti, machozi yakapita kati ya vidole. Hakuitika.

Alhamisi hapakuwa na mwito. Saa nne ikaja ikapita. Adhuhuri ikapita. Alasiri nyumba ilikuwa na harufu ya sabuni tu, na Nadhira alifungua madirisha yote, akavaa dira la rangi ya zabibu, akawasha jiko akaange viazi. Jua lilikuwa limebaki kama upana wa mkono juu ya mabati ya jirani. Alijua neno atakalolisema jua likitua. Alikuwa amemwekea Sameer siku saba nzima.

Mlango wa mbele ukasogea. Kupitia mlango wa jikoni alimwona mumewe akikaa kizingitini, amempa mgongo, akianza kuvua viatu. Wiki nzima alikuwa akivivua kimya, kisha akija kumgusa bega. Leo shingo yake ilikuwa nyepesi, kama ya mtu aliyehesabu siku naye.

Kiatu cha kwanza kikatoka.

"Sameer," mtu aliita kutoka chumba cha nyuma.

Ilikuwa sauti ya Nadhira, yenyewe hasa, yenye ule ulaini wa saa nne. Mwiko ukamwanguka. Alimwona Sameer akiinua kichwa, akaona shavu lake likijaa tabasamu kabla hajageuka, tabasamu la mtu aliyedhani siku zimekwisha na mkewe ndiye wa kwanza kumwita. Sharti halikuwa na thamani tena. Hata kama mlango utamfungukia yeye milele, lazima amzuie. Nadhira alifungua kinywa kwa nguvu zake zote, apige kelele, Sameer, usiitike.

Kinywa kilifunguka. Hakikutoka kitu, hata pumzi. Sauti haikuwamo. Ilikuwa kule chumbani, na harufu ya asumini ikaanza kutambaa kwenye ukumbi.

Alikimbia. Alikuwa amebakisha hatua tatu amfikie begani.

"Sameer," iliita mara ya pili.

Naye Sameer, mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, aliitika kabla jina halijakwisha.

"Naam, mke wangu. Naja."